Mnunuzi Naye Aulizwe

Mwaka 2017 kampuni ya Whirlpool ilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani. Ilidai kuwa mashine za kufulia za Samsung na LG zinamiminika kutoka nje na kuviumiza viwanda vya ndani. Marekani ilikuwa imekwisha kutoza ushuru mashine za Korea Kusini na Mexico, kisha za China; kila mara uzalishaji ukahamia kwingine, hadi Thailand na Vietnam. Malalamiko yalikuwa na msingi, na uchunguzi ulistahili.

Tume ilikubali kwamba viwanda vimeumia. Januari 2018 Rais Donald Trump akaweka ushuru ambao katika mwaka wa kwanza ulikuwa asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza, na asilimia 50 kwa zinazozidi hapo.

Bei ikapanda. Wachumi wa Benki Kuu ya Marekani na Chuo Kikuu cha Chicago walikuta mashine ya kufulia imeongezeka bei kwa takriban asilimia 12. Mashine ya kukaushia, ambayo ushuru haukuigusa kabisa, nayo ilipanda karibu sawa, kwa kuwa wengi huzinunua zote mbili kwa pamoja. Ajira mpya 1,800 hivi zilipatikana, na hilo si dogo kwa familia zilizozipata. Lakini wanunuzi walibebeshwa dola bilioni 1.5 kwa mwaka: zaidi ya dola 800,000 kwa kila ajira!

Afrika Kusini ilimkumbuka mlaji, walau kwa muda. Uchunguzi ulibaini kuwa kuku kutoka Brazil na nchi nne za Ulaya wanauzwa kwa bei ya kutupa, yaani chini ya bei ya kwao, lakini Agosti 2022 Waziri wa Biashara Ebrahim Patel aliahirisha ushuru kwa miezi 12 kwa sababu ya mfumuko wa bei za vyakula. Wafugaji walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo aliyeamua alikuwa amezitazama pande zote mbili.

Tanzania ina sheria ya kupambana na bei za kutupa tangu 2004, Kenya tangu 2017. Viwanda vyetu vinahitaji ulinzi huo. Basi wachunguzi wetu, kabla ya kupendekeza ushuru wowote, watangaze hadharani mwananchi ataongezewa shilingi ngapi dukani, na ni lini ushuru huo utaondolewa.