Pedali Haijafa, Ni Nyie Hamjaiuliza

Kuna ugonjwa mmoja hapa Bongo nimechoka kuunyamazia. Kitu kikigoma kufanya kazi hatuulizi "kimekatika wapi?" Tunauliza "tubadilishe nini?" Tukishabadilisha vitu vitatu vinne na bado kimegoma, tunatoa hukumu: "Achana nacho bwana, nunua cha dukani."

Nitautolea mfano wa pedali ya gitaa, kwa sababu kwenye pedali ugonjwa huu unaonekana kweupe.

Kwa wasioijua, pedali ya distosheni ni kiboksi kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Ndani yake umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa unakuzwa kupita kiasi, halafu daiodi mbili zinakata vichwa vya mawimbi yake. Ule mkato ndio mkwaruzo unaousikia kwenye muziki wa roki. Basi. Hakuna uchawi. Aisii moja ya miguu minane aina ya 741, daiodi mbili, resista na kapasita kadhaa, betri ya volti 9. Kijana mwenye pasi ya kulehemu na subira anaitengeneza nyumbani.

Kijana mmoja mpiga gitaa mtaani kwetu alifanya hivyo. Vifaa alivitafuta Kariakoo, akavifunga ndani ya kopo la biskuti. Akachomeka gitaa, akakanyaga swichi. Taa nyekundu ikawaka. Sauti hakuna, kimya kama msiba.

Akampelekea fundi. Fundi akabadilisha aisii. Kimya. Akabadilisha tena, akasema ile ilikuwa feki. Kimya. Akaweka ya tatu, akabadilisha na daiodi. Wiki mbili zikakatika, hela ya kijana ikakatika, na mwisho akaambiwa: "Hivi vya kienyeji havinaga uhakika." Mita ya kupimia umeme ilikuwa hapo hapo mezani, na haikuguswa hata mara moja!

Hapo ndipo ninapokasirika. Mimi ni mwandishi wa habari, sio mhandisi, lakini hata sisi tunafundishwa kuuliza kabla ya kuandika. Kubadilisha kifaa bila kupima ni kuandika habari bila kumpigia simu mtu yeyote. Ukipatia umebahatisha, ukikosea hujui umekosea wapi.

Tuliifungua kwangu siku ya Jumapili, na kazi haikumaliza saa moja. Naieleza hatua kwa hatua, maana nataka mwenye kubisha aone kwamba hapakuhitajika shahada.

Kwanza, tulizima pedali kwa mguu ili gitaa lipite moja kwa moja. Sauti ikatoka safi. Kwa kitendo hicho kimoja, bila senti tano, tulishajua gitaa ni zima, waya ni nzima, amplifaya ni nzima, jeki zote mbili ni nzima. Nusu ya washukiwa wameachiwa huru.

Pili, umeme. Watu wanadanganywa sana na taa. Taa ikiwaka inakwambia kwamba umeme umeifikia taa, haikwambii kwamba umeifikia aisii. Nenda na mita kwenye miguu yenyewe. Mguu wa 7 uwe karibu na volti 9, wa 4 uwe sifuri, na wa 6, ambako sauti inatokea, uwe karibu na nusu, yaani 4.5. Kama wa 6 umeng'ang'ania juu kabisa au chini kabisa, katafute resista iliyoachia au tone la lehemu lililounganisha visivyotakiwa kuungana. Ya kijana ilisoma vizuri miguu yote. Maana yake aisii ilikuwa nzima, na bila shaka zile zilizotupwa nazo zilikuwa nzima!

Tatu, tukaifuata sauti. Chukua waya wa gitaa uliokatwa upande mmoja. Ule uzi wa katikati uunge na kapasita ndogo ya 0.1 mikrofaradi, ile nyuzi ya nje uifunge kwenye hasi ya saketi, upande wa pili uchomeke kwenye amplifaya, na punguza sauti usije ukaua masikio. Mtu mmoja apige gitaa, mwingine aguse saketi kwa ncha ya kapasita, hatua kwa hatua kutoka inakoingilia sauti. Mguu wa 3, ipo. Mguu wa 6, ipo na imekuwa kubwa. Kwenye daiodi, ipo na inakwaruza kama inavyotakiwa. Mguu wa katikati wa kidhibiti cha sauti, ipo. Kwenye swichi ambako ule mguu unaungana kwa waya mmoja wa sentimita tano, kimya.

Sentimita tano! Lehemu upande wa swichi ilikuwa imekaa juu juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba, haikushika. Tukaipasha moto, tukaongeza kidogo, ikang'aa. Pedali ikaunguruma mpaka jirani akafungua dirisha. Wiki mbili za kubahatisha zilizidiwa na dakika chache za kuuliza.

Najua wapo watakaosema muda ni mali, kijana angenunua tu ya dukani akaendelea na muziki wake. Mwenye hela anunue, sina ugomvi naye. Ila na ya dukani ina lehemu, ina waya, ina swichi inayokanyagwa kila siku. Siku ikinyamaza utaipeleka kwa nani? Kwa fundi yule yule mwenye mita ya mapambo. Tofauti ni kwamba ya kopo la biskuti kijana anajua kila waya unakwenda wapi.

Tena hiyo pedali mnayosujudia dukani, asili yake ni kifaa kibovu. Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins uliotoka 1961, kifaa kimoja katika meza ya kuchanganyia sauti kiliharibika, na besi ya Grady Martin ikatoka inakwaruza. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuishia kusema "kibovu, tupa." Alitaka kujua ule mkwaruzo unatokea vipi, akatafuta namna ya kuutengeneza kwa transista. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikauza matokeo yake kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mmeelewa? Biashara ya pedali za mkwaruzo imetokana na mtu aliyeuliza swali mbele ya kifaa kibovu.

Na anayesema hayo ni mambo ya Wazungu avuke Ziwa Tanganyika, aende mpaka Kinshasa. Mzee Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walichukua likembe, ndugu yake ilimba ya Wagogo, wakaitilia vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari ili isikike katikati ya kelele za jiji. Ikakwaruza, nao wakauacha mkwaruzo uwe sehemu ya muziki. Mwaka 2011 Konono walikuwemo kwenye wimbo wa Herbie Hancock uliopata tuzo ya Grammy. Hivyo ndivyo vya kienyeji visivyo na uhakika!

Shuleni tuliimba sheria ya Ohm kama kasuku, tukafaulu, tukasahau. Wangapi kati yetu tumewahi kushika mita siku hata moja? Ndio maana tukikutana na kiboksi kilichonyamaza tunaona ushahidi kwamba "sisi hatuwezi." Kiboksi hakikusema hivyo. Kilichosema ni kwamba kuna waya mmoja haujashika, na kilikuwa kinasubiri mtu wa kukiuliza ni upi.

Kwa hiyo vijana mnaotengeneza, endeleeni kutengeneza, na kabla ya kununua aisii ya pili nunueni mita. Nyie mafundi, pimeni kwanza ndipo mtoze hela. Na wale wazee wa "nunua cha dukani", karibuni tubishane, ila kila mmoja aje na vipimo vyake.

Nawasilisha.