Fungu la Binti na Namba Tasa

Katika familia kongwe za Tabora, mirathi huwa na safari yake. Unyanyembe ilikuwa njia panda: misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika hapa, mingine ilishika njia ya Ujiji, mingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Watu walioa na kuzaa njiani, na hata leo marehemu wa Isevya aweza kuacha warithi Ujiji, Bagamoyo na Maskati. Wakikusanyika, huzuka kauli tuliyoichoka: “Hesabu haigawanyiki.” Kisha kilichobaki hubaki kwa kaka mkubwa, na dada huambiwa asamehe.

Ni kweli, zipo namba zisizogawanyika. Namba tasa ni ile inayozidi 1 ambayo haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tuchukue iliyo kubwa: 2,147,483,647. Ziandike 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1, utaipata. Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni tasa. Kwa kuwa vigawanyo huja kwa jozi, kidogo na kikubwa, hapakuwa na haja ya kujaribu kupita 46,340, na hata humo alionesha kuwa vinavyostahili kujaribiwa ni vichache.

Tujaalie kuwa hizo ni shilingi, zimebaki baada ya mazishi, madeni na wasia. Marehemu ameacha mjane, wana wa kiume 4 na mabinti 3. Kwa hukumu ya Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mjane hupata thumuni, yaani 1 katika 8, na 7 zilizobaki ni za watoto. Mwana wa kiume akihesabiwa mawili na binti moja, mafungu yao ni 11. Saba haigawiki kwa 11, wala hazina kigawanyo cha pamoja. Wanafaraidhi huiita hali hiyo tabayun. Dawa yake ni nyepesi: 8 huzidishwa kwa 11, zikawa 88. Mjane 11, kila mwana 14, kila binti 7.

Sasa igawe namba yetu tasa kwa 88. Kila sehemu ni shilingi 24,403,223, na baki ni shilingi 23. Ukaidi wote ule wa namba umetuachia shilingi 23! Fungu la binti mmoja ni shilingi 170,822,561.

Ugumu wa kweli uko kwenye mali isiyokatika: nyumba moja, au miembe 13 ya babu, nayo 13 ni tasa. Hapo mali huthaminiwa, mrithi mmoja akawalipa wenziwe, au mavuno yakagawiwa kwa sehemu zile zile 88. Basi dada anayeombwa asamehe na aombe kwanza karatasi ya hesabu, aione 7 yake, ajue anaombwa asamehe kiasi gani.