Lubutu: Muhuri unakabidhiwa, barua pepe za ofisi zinaondoka na mkubwa

LUBUTU, Maniema – Mkubwa wa ofisi anapohamishwa, watu wa hapa wanajua mambo yanavyokwenda. Mashahidi wanaitwa. Viti vinahesabiwa, meza, pikipiki, kompyuta na plaki za jua. Muhuri unatoka mkono huu kwenda mkono ule, karatasi ya makabidhiano inatiwa sahihi, picha inapigwa. Kitu kimoja hakiandikwi kwenye karatasi ile: sanduku la barua pepe la ofisi. Hilo linaondoka ndani ya simu ya mkubwa wa zamani, kwa sababu lilifunguliwa kwa jina lake, na nenosiri analijua yeye peke yake.

Mtu akiondoka na pikipiki ya serikali, mji mzima utapiga kelele. Akiondoka na barua za miaka mitatu, hakuna anayesema neno. Hapo ndipo penye kosa. Barua hizo ni mali ya ofisi, na ofisi ni ya wananchi.

Lubutu ina sababu kubwa ya kukasirika kuliko miji mingine. Iko kwenye barabara ya taifa namba 3, kati ya Kisangani na Bukavu, lakini jimbo linaongozwa kutoka Kindu, ambako ni mbali kuliko Kisangani. Karatasi inayosafiri kwa pikipiki inaweza kulowa, kuchelewa au kupotea njiani. Ndiyo maana ripoti za afya, orodha za walimu na malalamiko ya wananchi yanapitia barua pepe kila inapowezekana. Mwalimu asiyelipwa akiuliza kama faili lake lilitumwa kweli, ushahidi ni barua ile na tarehe yake. Sanduku likishaondoka, mwalimu anaambiwa alete tena karatasi zote, na miezi aliyongoja hakuna anayeihesabu.

Wakubwa wana majibu matatu. Yote matatu hayatoshi.

La kwanza: «Gmail haipotezi kitu.» Si kweli. Mwishoni mwa Februari 2011, kosa la programu liliwaachia masanduku matupu maelfu ya watumiaji wa Gmail. Google ilizirudisha barua kwa sababu ilikuwa na nakala kwenye kanda za sumaku, nje ya mashine zilizoharibiwa na kosa lile. Kampuni tajiri kama hiyo iliokolewa na kanda. Na hapo kosa lilikuwa la kampuni. Mtumiaji akifuta mwenyewe, saa inaanza kuhesabu: barua iliyotupwa kwenye takataka ya Gmail inafutwa baada ya siku 30. Yahoo inaweza kufuta sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12. Google nayo inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi iliyolala miaka 2. Mkubwa aliyehamishwa akinunua simu mpya na kusahau nenosiri, historia ya ofisi imekwisha hapo.

La pili ni la mashirika na idara zenye mafundi wao mjini: «Tuna seva, nakala inafanywa kila usiku.» Vizuri. Lakini je, kuna aliyewahi kurudisha sanduku la mtu mmoja kutoka kwenye nakala hiyo? Seva nyingi zinaweka masanduku ya wafanyakazi wote ndani ya hifadhi moja, kama depo moja yenye mpunga wa mtaa mzima. Ukirudisha depo nzima ya mwezi uliopita ili kumpatia karani mmoja barua zake, unawafutia wengine wote walichopokea tangu siku ile. Fundi anayejua kazi anaifungua nakala pembeni, mbali na seva inayofanya kazi, anatoa sanduku la mtu yule tu, anahakikisha barua zinafunguka, kisha anazirudisha mahali pake. Hiyo inahitaji nafasi kwenye diski, muda na mazoezi. Kuna seva ambazo kila barua ni faili lake na kila mtu ana folda yake. Hapo kazi ni nyepesi. Lakini ofisi isiyojaribu haijui hata seva yake ni ya aina gani.

Wala nakala iliyolala pamoja na seva haisaidii. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliogundua siku ile kwamba nakala walizokuwa wakilipia zilikuwa kwenye jengo lilelile. Walikuwa na mkataba na risiti, lakini hawakuwa na barua.

La tatu: «Hakuna makuta, hakuna umeme.» Hili lina ukweli, lakini halitoshi kumnyamazisha mtu. Anwani iwe ya jina la ofisi, si ya mtu. Nenosiri lijulikane na watu wawili, na libadilishwe siku ya makabidhiano. Mara moja kwa mwezi, intaneti inapopatikana, barua zishushwe kwa programu ya bure kama Thunderbird na kuwekwa kwenye diski ya nje. Diski hiyo ifungwe kwa nenosiri, kwa sababu ndani mna habari za wagonjwa na za wanawake waliobakwa, kisha ilale kwenye nyumba nyingine, si kwenye meza ileile ya kompyuta. Ofisi inayopata mafuta ya pikipiki itapata diski moja.

Wengine watasema barua ni siri ya mtu. Siri yake aiweke kwenye sanduku lake binafsi. Aliyechanganya barua za mke wake na ripoti za ofisi amejiletea tabu mwenyewe, wananchi wasilipie.

Nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu 13 Machi 2023, amri-sheria namba 23/010. Lakini sheria ya Kinshasa haifungui sanduku la Lubutu.

Shirika la raia lisingoje. Kwenye kila makabidhiano yajayo, wajumbe wake wadai mstari mmoja zaidi kwenye karatasi, kisha wadai jaribio mbele ya mashahidi: ichaguliwe barua moja ya mwaka jana, itafutwe kutoka kwenye nakala, isomwe. Ikipatikana, sahihi itiwe. Isipopatikana, mkubwa asiondoke mpaka ipatikane, kama vile asingeondoka pikipiki ikikosekana.