Kabla ya kumwambia mtoto "Nyamaza!"

Mtoto wa miaka minne anapoangua kilio chekecheani kwa kunyang'anywa kalamu ya rangi, aghalabu amri ya kwanza anayoisikia ni "Kidole mdomoni!" Kilio hukoma, somo likaendelea, nasi watu wazima tukadhani nidhamu imepatikana. Hasira yenyewe imebaki pale pale, ila sasa haina pa kutokea.

Hakuna anayezaliwa akijua kujizuia. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo husaidia kudhibiti mihemko, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kutimiza miaka 20. Mtaalamu wa Kisovieti Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto huanza kuitumia lugha pamoja na wengine, kisha huigeuza ikawa ya kujisemesha na kuyaongoza matendo yake. Kwa hivyo neno analopewa leo katikati ya kilio ndilo atakalojiambia kesho kabla ya kurusha ngumi.

Na maneno tunayo tele. Aliyenuna si sawa na aliyesusa: wa kwanza amefura kimya kimya, wa pili ameukataa uji ili tujue amekasirika. Anayedeka anataka kubembelezwa. Mwenye gere anakitamani kidude cha mwenziwe, ilhali mwenye kinyongo angali analikumbuka kofi la juzi. Darasani wote hawa tunawaita watundu, tukawapa dawa moja. Isitoshe, Kiswahili husema kwamba mtu "ameshikwa" na hasira. Sidai kwamba sarufi hutuliza watoto, lakini mwalimu mwerevu aweza kusema, "Hasira imekushika, hebu tungoje ikuachilie," na mtoto akamwelewa.

Atamwelewa iwapo lugha hiyo ni yake. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 ukashikilia vivyo hivyo. Hata hivyo shule nyingi, hususan za kibinafsi, humsemesha mtoto Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndicho wazazi wanachokilipia. Mtoto wa Ganze aliyejifunza kulia na kucheka kwa Kigiriama hufunzwa kutamka "sori" kabla hajajua anachokiombea radhi.

Simtupii mwalimu lawama. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na walimu wengi wamo katika mikataba ya malipo duni, wakiwa na watoto wengi kuliko mikono miwili iwezavyo kuwakumbatia. Kiboko kilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini ni wangapi walioonyeshwa cha kufanya badala yake?

Vyuo vya ualimu na vilipe suala hili vipindi vyake katika ratiba, visiliache liwe nyongeza ya somo la saikolojia. Nanyi wanafunzi wa vyuo hivyo, anzeni na daftari. Andikeni maneno ya hasira, woga na upweke yatumiwayo na watoto wa eneo mtakalofundisha, kisha waulizeni nyanya zao huwatulizaje.