Waya Tuliowaazima Wapinzani

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Naomba kwanza mniwie radhi ikiwa kalamu yangu itawachoma baadhi yenu. Sina nia ya kumuumbua mtu. Lakini jambo lililozuka katika klabu yetu ya sayansi limeninyima usingizi, na kwa kuwa jarida hili ni baraza letu sote, nimeona heri nilitoe hapa kuliko kunung'unika bwenini.

Kisa chenyewe ni hiki. Wengi wenu mnajua kwamba kila Jumamosi baadhi yetu huenda shule jirani kuwasaidia watoto wa Gredi ya 6 hadi ya 8 kuunda roboti. Wako tisa. Mwaka jana walikwenda kushindana na hawakushinda. Waliporudi, fununu zikaenea kuwa walishindwa kwa sababu msichana mmoja wa Gredi ya 6 aliwaazima wapinzani waya wa akiba, na wapinzani haohao wakatupiku. Sasa kuna pendekezo mbele ya klabu: ati kifaa chochote kilichonunuliwa kwa mchango wetu kisiazimwe timu nyingine siku ya mashindano. Mimi nalipinga, tena bila kumung'unya maneno.

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe, acha nieleze kidogo. Kuna meza ya ukubwa wa futi 8 kwa 4 hivi, na juu yake vifaa vya kusukuma, kuinua na kubeba. Roboti hupewa dakika mbili na nusu. Haina rimoti. Mtoto akishabonyeza kitufe, inajiendea yenyewe kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye tarakilishi (watoto wenyewe husema kompyuta, na mimi siwakosoi), na akiigusa ikiwa katikati ya meza, hutozwa adhabu. Kila timu hucheza raundi tatu, na iliyo bora ndiyo huhesabiwa. Tena alama za meza ni robo tu ya kazi. Robo tatu zilizobaki hutokana na jinsi watoto wanavyoeleza muundo wa roboti yao, mradi waliobuni, na namna wanavyoshirikiana.

Sasa turudi ukumbini siku ile. Asubuhi, timu ya meza ya pili ilikuwa imeduwaa. Waya wa kuunganisha mota yao na ubongo wa roboti ulikuwa umekatika ndani kwa ndani. Msichana wetu akafungua sanduku, akatoa waya, akawapa. Hakumwuliza mtu. Nilipogundua, nilimkemea. Ndiyo, mimi ninayeandika haya leo ndiye niliyemkemea mbele ya wenzake, naye akajificha nyuma ya bango lao la mradi.

Raundi ya kwanza ikaanza. Roboti yetu ilitoka vizuri, ikafika kwenye mstari mweusi iliyotakiwa kuufuata, kisha ikaupita kama isiyouona na kugonga ukingo wa meza. Tulipata alama 65. Raundi ya pili, yaleyale.

Kilichotokea ni hiki. Roboti ina jicho linalotoa mwanga na kupima kiasi kinachorudi kutoka chini. Kwenye weupe namba hupanda, kwenye weusi hushuka. Sisi tulipima namba zetu katika darasa lenye dirisha moja. Ukumbi ule ulikuwa na madirisha makubwa pande zote mbili, jua likimwagika hadi mezani, basi namba zote zikavurugika. Dawa yake ni kupima upya na kubadilisha namba moja tu katika programu. Kazi ya dakika tano.

Nani aliyejua kuibadilisha? Mvulana mmoja tu kati ya tisa, na mvulana huyo alikuwa anatapika nje kwa sababu ya safari. Nami sikuruhusiwa kugusa, maana kazi ni ya watoto. Nikasimama pale mikono nyuma, huku nikijua fika kwa nini wale wanane hawajui. Kila Jumamosi nilimkalisha yule yule mbele ya tarakilishi kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuelewa, na wengine nikawatuma kupanga vipande kwa rangi na kupamba bango. Wasichana wanne hawakuwa wameigusa ile kompyuta hata siku moja. Mbona basi hakuna pendekezo lolote juu yangu?

Kabla ya raundi ya tatu, watoto wawili wa ile timu ya meza ya pili wakaja kuurudisha waya. Wao walikuwa wamebahatika kupata mwingine. Wakamkuta msichana wetu ameinamia roboti, wakauliza kuna nini. Akawaeleza. Mmoja akageuza roboti yao na kumwonyesha: walikuwa wamezungushia jicho lake vipande vyeusi kama kofia, na kulishusha karibu kabisa na meza, mwanga wa nje usiingie. Si programu, ni vipande vitano tu vya plastiki! Wetu wakaijenga kofia hiyo wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Raundi ya tatu roboti ikaushika mstari, tukapata alama 140. Wale wa meza ya pili walipata zaidi, na walistahili.

Kwa hiyo wenzangu mnaosema waya ulitugharimu, fanyeni hesabu upya. Tungeufungia ule waya sandukuni, tungerudi nyumbani na 65.

Wengine watasema mashindano ni mashindano, na huu ni ulaini wa kitoto. La hasha. Shirika la FIRST, ambalo Dean Kamen alilianzisha Marekani mwaka wa 1989 na ambalo liliungana na kampuni ya LEGO mwaka wa 1998 kuanzisha ligi ya watoto, limejengwa juu ya jambo hilihili. Profesa Woodie Flowers wa chuo cha MIT, aliyefariki mwaka wa 2019, ndiye aliyelieneza: shindana kufa kupona, lakini umheshimu mpinzani na umsaidie. Katika mashindano ya FIRST Global, yaliyofanyika mara ya kwanza mjini Washington mwaka wa 2017 kwa timu za nchi zaidi ya 150, nchi kadhaa huunganishwa kucheza upande mmoja, na raundi ijayo mshirika wako anaweza kuwa mpinzani. Ukimnyima waya asubuhi, utacheza na nani jioni?

Nami nina pendekezo langu. Kila Jumamosi, kila mtoto akae mbele ya tarakilishi angalau robo saa, na asiyejua ndiye atangulie. Najua itatuchelewesha. Jumamosi iliyopita nilijaribu, na tulimaliza kazi moja tu badala ya tatu. Yule msichana alichukua dakika kumi kutafuta mahali pa kuandika namba, nami nikajikalia mikono nisimnyang'anye.

Mkutano wa klabu ni Ijumaa saa kumi alasiri, katika maabara. Waya wenyewe uko kabatini, rafu ya pili, umekunjwa na kufungwa kwa raba kama ulivyorudishwa. Nitapiga kura ya la.