HESABU NA MAISHA: Gari Halisimami Papo Hapo



Mwezi uliopita tulijifunza kutafuta mwendo wa wastani. Mwezi huu tuitumie hesabu hiyo kulinda watoto wetu.

Vijiji vingi vimejengwa kando ya barabara kuu. Watoto huivuka kwenda shule, kisimani na dukani. Mtoto anayemfukuza mbuzi humwangalia mbuzi, haangalii gari. Nasi wakubwa husema, "Dereva atamwona, atafunga breki." Je, kumwona kunatosha? Tupige hesabu.

Tuseme mtoto ameingia barabarani. Gari liko meta 30 kutoka kwake. Hizo ni kama hatua ndefu 30 za mtu mzima.

Gari la kwanza linakwenda kilometa 36 kwa saa. Kilometa 36 ni meta 36,000. Saa moja ni sekunde 3,600. Ukigawanya unapata meta 10 kila sekunde. Gari la pili linakwenda kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kila sekunde.

Kwanza: dereva anashtuka. Toka anapomwona mtoto mpaka anapokanyaga breki, hupita kama sekunde moja. Gari halimngojei. La kwanza limekwenda meta 10. La pili limekwenda meta 20.

Pili: breki inashika. Tuseme barabara ni kavu na breki ni nzima. Kila sekunde inayopita, mwendo unapungua kwa meta 5. Mwendo ukibadilika hivi, kwa kiasi kilekile kila sekunde, wataalamu husema mchapuko wake haubadiliki.

Gari la kwanza: 10, 5, 0. Limesimama baada ya sekunde 2. Mwendo wa wastani ni nusu ya 10, yaani 5. Umbali ni 5 mara 2 = meta 10.

Gari la pili: 20, 15, 10, 5, 0. Limesimama baada ya sekunde 4. Wastani ni 10. Umbali ni 10 mara 4 = meta 40.

Tatu: tujumlishe.
Gari la kwanza: 10 + 10 = meta 20.
Gari la pili: 20 + 40 = meta 60.

Gari la kwanza limesimama meta 10 kabla ya kumfikia mtoto. Mtoto yu mzima. Gari la pili lilitaka meta 60, lakini zilikuwepo 30 tu. Linapomfikia mtoto, breki imeshika kwa nusu sekunde hivi. Bado linakwenda zaidi ya kilometa 60 kwa saa.

Angalia tena. Mwendo uliongezeka mara mbili. Umbali wa breki uliongezeka mara nne, kutoka meta 10 hadi 40. Kwa nini? Gari la pili huchukua muda mara mbili kusimama, na katika muda huo wastani wa mwendo wake ni mara mbili. Mbili mara mbili ni nne.

Na barabara ikilowa, breki hushika kidogo zaidi. Umbali huongezeka tena.

Basi, ndugu msomaji, nenda barabarani ukiwa pembeni, mahali pa usalama. Pima hatua 60. Waonyeshe watoto umbali huo. Wafundishe kungoja gari lipite, hata likionekana liko mbali. Kama magari hupita kwa kasi karibu na shule yenu, pelekeni hesabu hii kwenye mkutano wa kijiji, muombe matuta na vibao. Nawe ukiwa abiria, usimhimize dereva akimbize gari.

ZOEZI
Gari linakwenda meta 15 kwa sekunde. Hizo ni kilometa 54 kwa saa. Dereva na breki ni kama wa hapo juu. Litasimama baada ya meta ngapi?

(Jibu: Kushtuka, meta 15. Breki, sekunde 3 mara wastani wa 7 na nusu, ni meta 22 na nusu. Jumla meta 37 na nusu.)