Kabla ya Kumlaumu Mfasiri, Uliza Alipewa Siku Ngapi

Mwezi uliopita, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu alitaja kwa kupita tu mchezo wa video unaoitwa E.T. the Extra-Terrestrial. Alikuwa akitueleza jinsi kazi ya sanaa inavyoweza kuharibika inapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine: riwaya inapogeuzwa filamu, filamu inapogeuzwa mchezo. Akasema mchezo huo unahesabiwa na wengi kuwa mbaya kuliko yote iliyowahi kutengenezwa, na kwamba nakala zake zilizikwa jangwani. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka. Kisha nikarudi nyumbani, nikautafuta mchezo wenyewe, nikaucheza kwenye kompyuta kwa jioni tatu, kila umeme ulipokubali. Naandika makala haya kwa sababu sicheki tena.

Kwa wasioufahamu, habari yake ni hii. Mwezi wa Juni 1982 filamu ya Steven Spielberg, E.T., ilitoka Marekani na kupendwa kupita kiasi. Inasimulia kiumbe kutoka sayari nyingine aliyeachwa duniani na wenzake, akafichwa na mtoto anayeitwa Elliott, akatafuta njia ya kuwasiliana na kwao ili warudi kumchukua. Kampuni ya Warner, iliyokuwa ikiimiliki Atari, ilinunua haki ya kuifanya filamu hiyo mchezo kwa bei inayotajwa kuwa kati ya dola milioni 20 na 25. Mazungumzo ya haki yalikwisha mwishoni mwa Julai. Ili kaseti za mchezo zifike madukani kabla ya Noeli, programu ilipaswa kuwa tayari tarehe 1 Septemba. Kazi ilipewa mtu mmoja, Howard Scott Warshaw. Alikuwa na majuma matano.

Sisi tunaosoma tafsiri tunafundishwa kuanza na swali moja: ni nini katika matini chanzi kisichoruhusiwa kupotea? Turudi basi kwa Warshaw na tumuulize swali hilo. Chombo chake, Atari 2600, kilikuwa kimetoka mwaka 1977, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu. Ujumbe mfupi wa simu unaweza kuijaza kumbukumbu hiyo. Hapakuwa na nafasi ya machozi ya mtoto, wala ya muziki wa filamu, wala ya baiskeli inayopita mbele ya mwezi.

Aliamua kubeba jambo moja: hamu ya kurudi nyumbani. Katika mchezo, wewe ndiwe E.T. Unatafuta vipande vitatu vya simu vilivyotawanyika mashimoni, unaviunganisha, unatafuta mahali panapofaa kupigia simu, kisha unakimbilia msituni mahali chombo cha kwenu kitakapotua, kabla muda haujakwisha. Kila hatua inakupunguzia nguvu. Nguvu zikiisha, Elliott anaweza kuja kukuinua. Mtu wa serikali anakunyang'anya vipande, mwanasayansi anakupeleka kwenye maabara yake. Kiini cha filamu kimo humo. Wakati ambapo michezo mingi ilikuwa ya kupiga risasi, huyu bwana alitengeneza mchezo wa mgeni anayetaka kwenda kwao. Mimi siwezi kuiita tafsiri hiyo mbaya kwa upande wa uaminifu.

Ubaya uko wapi basi? Uko kwenye mashimo. Unapotembea, picha inakuonyesha E.T. amesimama kwa ubavu, miguu yake juu ya majani. Jicho lako linasema yuko salama. Lakini ncha ya kichwa chake ikigusa tu ukingo wa shimo, anaanguka. Unashikilia kitufe, anarefusha shingo, anapaa polepole mpaka juu, na ukisogeza mkono vibaya kidogo anaanguka tena mle mle. Jioni ya kwanza nilianguka hivyo mpaka nikazima mashine kwa hasira. Mchezaji anasoma picha kwa kanuni moja, mashine inaisoma kwa kanuni nyingine. Kwa lugha ya darasani kwetu ningesema: maana ya matini chanzi imehamishwa vizuri, ila sarufi ya lugha lengwa ina kosa mahali ambapo msomaji hana budi kupita.

Na kosa hilo ni dogo. Mwaka 2013 mpenzi mmoja wa michezo ya zamani alionyesha kwamba, kwa kubadilisha sehemu ndogo za programu, ikiwemo ile inayoamua lini E.T. ameanguka, mchezo unachezeka bila uchungu. Hakuhitaji kuuandika upya. Alifanya kazi ya mhariri, miaka thelathini baada ya kuchapishwa. Mwaka 1982 kazi hiyo haikufanywa, kwa sababu Atari haikuwapa wachezaji wa kawaida nafasi ya kuujaribu mchezo kabla ya kuuza. Siku zilikuwa zimekwisha.

Atakayesema kwamba Warshaw hakuwa na kipaji, nampa mfano wa pili. Mwaka huo huo wa 1982 Atari ilitoa mchezo mwingine, Raiders of the Lost Ark, uliotokana pia na filamu ya Spielberg. Mashine ni ile ile, na mtengenezaji ni Warshaw huyo huyo. Huo ulipokewa vizuri, na kazi yake ilikuwa imemchukua miezi mingi. Wazee husema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hapa hata mpishi ni mmoja; kilichobadilika ni muda wa sufuria kukaa motoni.

Yaliyofuata yanajulikana. Mamilioni ya nakala yalitengenezwa, karibu milioni moja na nusu ikauzwa, nyingine zikabaki au zikarudishwa. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na mwezi wa Septemba mwaka huo malori yalipeleka bidhaa zake kwenye jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Tarehe 26 Aprili 2014 jalala lilichimbuliwa. Kaseti za E.T. zilikutwa kweli, lakini pamoja nazo zilitoka kaseti za michezo mingine mingi, hata iliyosifiwa. Kampuni nzima ilikuwa ikizika bidhaa zake, ila katika masimulizi ya watu aliyezikwa ni mmoja tu. Mtu aliyepewa majuma matano ndiye aliyebebeshwa jina la hasara yote. Walioweka tarehe hawatajwi darasani.

Hapo ndipo habari hii ya Marekani iliponigusa mwenyewe. Mwaka jana mwenzangu mmoja nami tuliombwa na shirika fulani kutafsiri karatasi ya kufundisha watu namna ya kutia dawa ya klorini katika maji ya kunywa. Ilikuwa Ijumaa jioni. Walitaka Kiswahili chake Jumatatu asubuhi. Tulifanya kazi usiku mbili, kamusi mezani. Penye neno la Kifaransa bidon tuliandika dumu, kwa sababu kamusi inalikubali na sisi ni watu wa Kiswahili sanifu. Karatasi ikachapishwa, ikabandikwa kwenye mabomba ya maji.

Baada ya majuma mawili nilimkuta mama mmoja mzee mbele ya karatasi hiyo, vyombo vyake viwili vya njano chini ya miguu yake. Akaniuliza: "Mwanangu, hii dumu ni kitu gani? Wanasema dawa kijiko kimoja kwa dumu moja." Nikamwonyesha chombo chake. Akacheka, akasema: "Si muandike bidoni basi!" Kipimo cha dawa, ndicho kiini cha karatasi nzima, kilikuwa kimeangukia shimoni kwa neno moja sahihi. Shirika liliposikia malalamiko, jibu lake lilikuwa kwamba wanafunzi wa lugha hawajui Kiswahili. Hakuna aliyesema neno juu ya Ijumaa na Jumatatu. Nilipopita tena pale bombani mwezi wa tatu, nilikuta mtu amekata neno letu kwa kalamu ya bluu na kuandika juu yake bidoni. Kuhariri kwake hakukuzidi nusu dakika. Nasi tungepata nusu dakika hiyo kama tungepanda mtaani na karatasi mkononi kabla ya kuipeleka.

Sisemi kwamba mfasiri hana lawama kabisa. Warshaw aliikubali kazi kwa hiari yake. Spielberg alipoonyeshwa mpango alipendekeza kitu chepesi zaidi, cha mfano wa Pac-Man, naye akashikilia mpango wake mkubwa. Pengine kwa majuma matano shimo moja lililo sawa lingefaa kuliko mashimo mengi. Nasi wawili tulikubali kwa sababu ya fedha, na kwa sababu tuliona aibu kusema siku mbili hazitoshi. Anayekubali muda usiotosha ana deni: apunguze kazi, au aseme wazi ni sehemu gani haikujaribiwa. Hatukufanya hivyo, na hilo ni kosa letu.

Lakini kosa hilo hatukufundishwa kulikwepa. Katika kitivo chetu tunalinganisha matini chanzi na matini lengwa, tunapiga mstari mwekundu chini ya upungufu, tunatoa alama. Mfasiri anahukumiwa kana kwamba alifanya kazi nje ya wakati, bila mwajiri, bila tarehe. Tukimaliza masomo tutakutana na Ijumaa na Jumatatu maisha yetu yote. Mashirika, makanisa, redio na ofisi za mji huu hutumia Kiswahili chetu kila siku, na mara nyingi hukitaka kesho.

Kwa hiyo nawaomba waalimu wetu, kwa heshima yote, mambo mawili. La kwanza: tunapochambua tafsiri au kazi iliyohamishwa kutoka sanaa moja hadi nyingine, tuulize pia ilifanywa kwa siku ngapi, nani aliweka tarehe, na nani aliisoma kabla haijatoka. Maswali haya yapewe alama katika mtihani kama yanavyopewa maswali ya visawe. La pili: tafsiri yoyote inayotoka kitivoni kwenda kwa watu isomwe kwanza na watu wawili wasio wanafunzi wala waalimu, mmoja wao asiyejua Kifaransa. Asome kwa sauti, nasi tukae kimya, tuone anaangukia wapi.

Na kwa wenzangu wanafunzi: mkiombwa kazi Ijumaa, ulizeni kwanza kama Jumatatu ni ya kukabidhi au ni ya kujaribu. Mkijibiwa kwamba hakuna siku ya kujaribu, semeni hivyo kwa maandishi, na msaini. Jina litakalozikwa jalalani siku karatasi ikishindwa ni lenu, si la aliyeweka tarehe.